Bukari ya Pembe Tatu

Kwetu, mtaani Hewa Bora, kwenye ukuta wa sebule, kulikuwa na vitu viwili ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa: msalaba na picha ya gari. Msalaba ulikuwa wa mama. Picha ilikuwa ya baba, fundi wa karakana ya reli. Aliikata kwenye gazeti la Kifaransa aliloachiwa na injinia mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kilikuwa kigari chekundu, kifupi, cha viti viwili, ambacho Wajapani walikitengeneza kwa ajili ya maonyesho tu. Hakikuuzwa hata kimoja. Baba alilijua hilo vizuri na halikumsumbua.

Alichokipenda kilikuwa ndani. Magari yote tuliyoyajua yalikuwa na pistoni zinazopanda na kushuka. Hili lilikuwa na kipande cha chuma cha pembe tatu kinachozunguka ndani ya chumba kama yai, basi. Ndiyo maana injini yake ilikuwa ndogo, mtu angeweza kuikumbatia, na gari lenyewe lilikuwa jepesi hata baba akaapa kwamba magunia manane ya mahindi ya Lukafu yangelizidi uzito.

Hatukuwa na ubao nyumbani, kwa hiyo alitufundisha kwa bukari, ugali wetu. Alimega tonge, akalibana kwa vidole mpaka likatoa pembe tatu, akalizungusha ndani ya bakuli la samaki wakavu wa Pweto.

"Muangalie," alisema. "Hapa inavuta hewa. Hapa inafinya. Hapa inaunguza. Hapa inatupa. Upande yote tatu inatumika pamoja, hakuna yenye kulala."

Kisha aling'ata pembe moja ya tonge na kutuonyesha palipopungua. Pembe moja ikilika, alisema, hewa inapita pale, na pande mbili zinazokutana kwenye pembe hiyo zinapoteza nguvu. Upande mmoja tu unabaki mzima.

Mama hakuwa na subira na mambo hayo. "Bukari haiko ya kucheza nayo! Na mu ile mutuka yako ya viti mbili, shiye bantu munane tutaikala wapi?"

"Weye utaikala pembeni yangu. Batoto batatembeya na miguu."

Tulicheka mpaka mchuzi ukamwagika. Mimi, mtoto wa kwanza, nilicheka kuliko wote, na katika somo lile sikushika hata neno. Macho yangu yalikuwa kwenye kichwa cha samaki.

Baba alikuwa na haja moja tu maishani, nje ya zile za Mungu: kusikia injini hiyo ikiunguruma, hata mara moja. Gazeti lilisema haigongi wala haitetemeki, inavuma tu. Alijaribu kutuigizia kwa pua, tukazidi kuvunjika mbavu. Lakini nyundo za karakana zilikuwa zinamla masikio, na alipostaafu tulikuwa tayari tunamwambia kila jambo mara mbili.

Miaka mitatu iliyopita jirani alimwambia kwamba kijana mmoja wa huku huku Kampemba ameagiza gari kutoka Japani, limepita Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa, na injini yake ni ile ya kuzunguka. Halikuwa kigari cha pichani, lakini moyo ni ule ule. Baba alikuja kwangu akiwa amevaa shati la misa.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi binti yake, "unipeleke nisikie, mbele ya masikio kufunga kabisa."

Nilikuwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi wangu. "Samedi, Papa," nilijibu bila kuinua kichwa. Jumamosi ile kulikuwa na harusi. Iliyofuata, matanga. Baada ya hapo sina cha kusingizia: nilikuwa mvivu, na niliona ni utoto wa mzee. Hakuniomba mara ya pili. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Mwaka huu nilimpeleka. Sikio moja lilikuwa limekufa, na la pili lilipokea kelele za mama peke yake. Gari lilikuwa garajini, jeupe, boneti wazi. Baba aliinama, akatazama. Hata mimi nilitambua injini ile. Ni ya teksi zote za mjini.

"Vieux, pardon," fundi wa garaji alimwomba mzee radhi. "Ile ingine ilikuwa inakunywa esansi mubaya, na mapièce hakuna. Tukatosha, tukaweka yenye tunajua."

Kuing'oa injini na kuweka nyingine, ndivyo tunavyofanya hapa kwa kila gari linalotushinda kwa petroli au vipuri. Niliyaandika maneno yake nyuma ya karatasi ya mtihani nikampa baba. Alisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Nililia mbele ya mafundi, mwanamke mzima, na sikuona haya.

"Ya zamani iko wapi?" baba aliuliza, kwa sauti kubwa ya viziwi.

Ilikuwa nyuma ya garaji, juu ya tairi, imefunikwa gunia. Aliipangusa kwa mkono wa shati lake. Aliomba ufunguo, akafungua bujia moja, plagi ya cheche, akaziba tundu lake kwa kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kuizungusha injini polepole. Alisimama. Akazungusha tena. Uso wake ulikuwa ule wa mezani, wakati wa bukari.

"Weka mukono," aliniambia.

Niliweka. Hewa yenye harufu ya oili ilinisukuma kiganjani. "Upande moya," alihesabu. Akazungusha. "Mbili." Akazungusha. "Tatu." Kwangu zote zilikuwa sawa.

Njia nzima ya kurudi hakuufuta mkono. Mama alikuwa jikoni anasonga bukari, akamkemea kwa sababu ya shati, kisha akampigia kelele kwenye sikio lililobaki: "Na ilisema nini?"

Baba alimshika mkono wenye unga, akaufungua, akapuliza kiganjani. Mara ya kwanza kwa nguvu. Mara ya pili kidogo. Mara ya tatu kidogo.

Mama alifikiri, mwiko ukiwa juu.

"Pembe moja imelika," alisema.

Baba alimsoma midomo, na machozi yakamtoka. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, mwalimu mzima. Nilimuuliza mama amejuaje.

Alirudi kwenye sufuria yake. "Weye uliwaza miye nilikuwa nakulaka bukari tu?"