Maono ya Mzee Kivuva

Alipofika miaka arobaini na tano, umri ambao wenzake walikuwa wameanza kupungua, Kivuva wa Kasikeu aliendelea kukua. Pete ya ndoa ilikatwa kwa msumeno. Fundi wa viatu vya akala alimpima miguu upya mara tatu, akamwambia kwa heshima zote kwamba safari ijayo watatafuta tairi la lori. Taya likasonga mbele, sauti ikawa nzito, na kanisa ambalo halikuwahi kumwomba hata asome matangazo likamfanya mzee wa kanisa. Mwili kama ule, walisema, Mungu hampi mtu bure. Kivuva naye akaamini, maana nani hukataa sifa?

Benchi la mbele upande wa wanaume likawa lake, na hapo ndipo alipoanza kulala. Kila Jumapili alikoroma kabla ya sadaka. Katikati ya kukoroma alinyamaza ghafla, kimya kirefu, kisha akashtuka akivuta hewa kwa kishindo. Mchungaji Musembi, ambaye mahubiri yake yalikuwa yamelaza wengi bila mtu kumsifu, alitangaza kwamba kimya kile ni maono. Tangu hapo waumini walikingojea wameinamisha vichwa, na kishindo kikija, wakasema amina.

Upande wa wanawake, mkewe Mutindi hakuinamisha kichwa. Alikuwa akihesabu.

"Baba Ndeti, leo nimefika thelathini na tano na wewe hujapumua," alimwambia wakirudi nyumbani. "Hayo maono yatakuzika."

"Huo ni wivu, Mama Ndeti."

Jumapili moja ya mwaka 1986 Mutindi alihesabu hadi hamsini. Akainuka, akavuka njia ya katikati, ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuivuka ibada ikiendelea, akampiga mumewe kiwiko mbavuni. Kivuva akavuta hewa. Wazee wakamwandikia Mutindi barua ya onyo, naye akaitumia kufungia chapati za safari ya hospitali, Nairobi.

Daktari aliiangalia ile mikono, akaomba kitambulisho, akalinganisha picha na uso. Kuna uvimbe mdogo chini ya ubongo, alisema, unaomwaga homoni ya kukuza mwili bila kukoma. Hata ulimi umenenepa, unaziba koo akilala. Damu ilipopimwa, sukari na mafuta vilikuwa vimepanda, na moyo umeanza kulemewa. Upasuaji ungengoja miezi minne.

"Mpaka hapo, mzee, usilale bila mtu wa kukuamsha."

Kivuva aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Jumapili iliyofuata benchi lake lilikuwa limepanguswa vumbi. Mzee Ndolo, mwembamba kama fito, alikuwa amekwisha kuketi pembeni mwa benchi hilo akijaribu kukoroma. Kivuva alilitazama benchi, akalipita. Akavuka njia ya katikati, wanawake wanne wakasogea kumpa nafasi, akaketi ubavuni mwa mkewe.

"Mama Ndeti," akamnong'oneza, "nikinyamaza, usingoje amina."