Magidu na Memori za Mwendo Mkali

Magidu wa Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, hutafsiri filamu. Usidhani hukaa na kamusi na kalamu. Hukaa mbele ya kompyuta, kipaza sauti karibu na mdomo, filamu ya Kikorea au ya Kihindi ikiendelea, naye anasema: anamsemea shujaa, anamsemea adui, anamsemea hata mama mkwe, na pale ambapo hakuna anayezungumza anatia chumvi yake mwenyewe. Hasimami mpaka filamu iishe. Akikosea jina la mtu mwanzoni, mtu huyo ataitwa hivyo hivyo mpaka azikwe. Wateja wake wengi ni Wakongo wanaovuka daraja kuja soko la Mpondwe, na hao wamekwisha kuamua kwamba filamu isiyo na sauti ya Magidu si filamu.

Sauti ilikuwa yake, lakini mashine ilikuwa kazi ya mikono ya Philippe. Huyu ni mtu wa Kasindi, ng'ambo ya daraja, aliyejifunza kompyuta kule Butembo na kurudi kwao kufungua kibanda cha filamu. Ndiye aliyekusanya vipande na kuunganisha ile kompyuta ya mezani. Na kwa kuwa wanunuzi hawakungoja, maana siku ya soko mtu hununua chake na kurudi kwao kabla mpaka haujafungwa, Philippe aliikaza mashine ikimbie kuliko mwendo wa kiwandani. Aliingia kwenye mipangilio yake ya ndani, akabadilisha namba moja, akawasha, akatega sikio, akazima, akabadilisha nyingine. Alifanya hivyo siku nyingi, akila chakula cha Hamidah, mke wa Magidu, na kulala kwenye mkeka wa sebuleni. Binti yao Swabrah alimwita baba mdogo. Mwishowe kompyuta ikakubali, na filamu iliyokuwa ikichukua mchana kutwa kukamilika ikawa tayari kabla ya adhuhuri.

Basi zikaja mvua, na paa la ghala la Hamidah likavuja. Hamidah anauza kwa jumla chumvi ya ziwa la Katwe. Magidu, ambaye si mtu wa kubeba mizigo akiweza kuikwepa, siku hiyo alijitolea mwenyewe. Alihamisha magunia yote na kuyapanga katika chumba chake cha kurekodia, kuzunguka kuta, toka chini mpaka juu. Jioni aliporekodi akagundua kwamba ule mwangwi uliokuwa ukimsumbua miaka yote umekufa kabisa. Sauti yake ilitoka nzito na safi. Akafurahi kupita kiasi. Ghala lilipoezekwa upya, akamwomba mkewe amwachie magunia palepale, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa habari za uvumbuzi huo. Hamidah alisema tu kwamba chumvi hutoka jasho wakati wa mvua. Magidu akacheka.

Baada ya muda kompyuta ikaanza kuganda. Mara inazima katikati ya harusi, mara filamu inatoka ikiwa na mikwaruzo, shujaa amekatika kiuno. Filamu hizo zilikwisha kuvuka daraja, na wanunuzi wa upande ule wakamrudishia Philippe kibandani kwake. Philippe akaja Bwera kuuliza kulikoni, nyuma yake watu watatu waliotaka haki yao. Hapo ndipo Magidu alipoteleza. Badala ya kumkaribisha ndani waitazame mashine pamoja, alisimama mlangoni na kusema, kwa sauti ile ile inayojulikana mpaka Beni ndani ya Kongo, kwamba kosa ni la Philippe, kwamba ameinyonga mashine kwa tamaa ya kukimbilia soko, na kwamba fundi wa kweli asingefanya hivyo. Wale watu watatu walisikia, na jirani pia alisikia. Philippe aliingia, akachukua bisibisi zake, akamuaga Hamidah kwa heshima na kuondoka. Tangu siku hiyo hakuvuka tena daraja, na Magidu naye alikuwa na kichwa kigumu, akangoja mwenzake aanze.

Nyumba ilipoa. Swabrah aliuliza baba mdogo yuko wapi, akajibiwa ana kazi. Magidu alijisemea kwamba hana haja na mtu, lakini usiku alikuwa akigeuka geuka kitandani, na Hamidah alimwacha ageuke. Mwishowe kompyuta ilikataa hata kuwaka. Ilipiga milio mitatu mifupi na kunyamaza. Magidu akaifunga kwa blanketi, akaipakia kwenye lori la rafiki yake Shafic lililokuwa linarudi tupu Kasese, akaishikilia mapajani njia nzima.

Mjini Kasese fundi anayeaminika ni Nasifah, mwanamke mfupi mwenye hijabu ya kijani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua boksi, akachomoa memori zote mbili, vile vibao vyembamba ambavyo kompyuta hushikia kazi yake wakati inaifanya, akavipeleka dirishani kwenye mwanga. Akavigeuza. Kisha akapitisha kidole kwenye meno ya shaba, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Ssebo, bwana," akauliza, "hii kompyuta inakaa wapi? Kando ya ziwa?"

Magidu akasema inakaa Bwera, mjini, chumbani. Nasifah akamwambia kwamba yeye ni mtoto wa Katwe, baba yake alikuwa mkata chumvi, na kwao redio haikuwahi kuzeeka kwa sababu chumvi ilikuwa inaila kwanza. Akamwonyesha meno ya memori yalivyofanya ukungu wa kijani. Memori moja imekufa, nyingine iko mbioni kuifuata. Magidu akaanza kusimulia habari ya magunia na mwangwi, na kadiri alivyosimulia ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka, mpaka Nasifah akalazimika kumwinamia ili amsikie.

Nasifah akasafisha matundu ya memori kwa spiriti na brashi ndogo, akatia memori zake za majaribio, na kompyuta ikawaka kama haijawahi kuugua; akasoma namba zake za ndani. Magidu alijikaza kuuliza swali ambalo tayari alikuwa anaogopa jibu lake: je, si mwendo ulioua memori, namna mashine ilivyokazwa?

"Hapana. Mimi nimeangalia kazi ya huyo mutu, iko safi," akasema Nasifah. "Joto iko chini, umeme haizidi. Hii ni chumvi tu. Feni yote hii inavuta hewa ya chumba, na hewa ya chumba iko chumvi."

Nasifah akaizima mashine. Akachomoa memori zake za majaribio. Kisha akatafuta kwenye simu ni memori zipi ubao ule unazikubali, akaweka mezani aina mbili. Alimwonya kwanza asije akanunua moja tu na kuichanganya na ile ya zamani iliyobaki. Zikiwa si pacha zinavutana, ama zote zinafuata ile ya polepole, ama zinagoma. Lazima zote mbili ziwe za aina moja, zilizotoka pakiti moja.

Aina ya kwanza ilikuwa memori za kawaida, za kijani, hazina pambo. Hizo unachomeka, unawasha, basi. Mashine itarudi kwenye mwendo wake wa kiwandani, na filamu itachelewa kidogo kukamilika, lakini itakamilika. Aina ya pili ilikuwa memori za mwendo mkali, zimevishwa bati jeusi la kuzipoza, na bei yake ilikuwa ya juu. Hizo zingeweza kukimbia kama zile za mwanzo, hata kuzishinda, lakini si kwa kuchomekwa tu. Mpaka mtu aketi tena na mashine, apange namba moja baada ya nyingine, ajaribu, asikilize.

"Wewe huwezi kunipangia?" Magidu akauliza.

Nasifah akatikisa kichwa. Alisema mashine iliyokazwa na mkono wa mtu haingiliwi na mkono mwingine mwenyewe akiwa hai, na kwamba hiyo ndiyo adabu ya mafundi wa Kasese. Lakini yeye, kwa ushauri wake wa kweli, angechukua za kawaida. Kazi ya kutia sauti haihitaji mbio hizo zote. Ataondoa chumvi chumbani, ataishi kwa amani, hatahitaji kumwita mtu.

Magidu akazichukua za kawaida mkononi. Zilikuwa nyepesi. Akaona jinsi mambo yatakavyokwenda: atafika nyumbani, atachomeka, itawaka. Wanunuzi watarudi mmoja mmoja. Hakuna atakayemuuliza habari za chumvi, maana Nasifah hana sababu ya kufika Bwera. Philippe atabaki ng'ambo na bisibisi zake, lile neno la mlangoni litabaki kama lilivyosemwa, na miaka itapita, wao wawili wakipishana sokoni kwa salamu ya kichwa. Ilikuwa njia rahisi kabisa, na Magidu hakuwahi kuchukia njia rahisi. Lakini ilimtia huzuni, huzuni ya kweli, akiwa amesimama pale dukani mchana kweupe na watu wakipita nje.

Akairudisha mezani pakiti ya za kawaida, akamwomba Nasifah amfungie zile nyeusi. Nasifah akamtazama juu ya miwani yake, akadhani hakumwelewa, akarudia maelezo yote tangu mwanzo. Magidu akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaomba tena zile nyeusi.

Alipofika Bwera hakuchomeka kitu. Alivua shati, akaanza kutoa magunia, mengine yakiwa yameshika sakafu kwa unyevu. Hamidah akatoka kumtazama. Magidu akamweleza yote, pamoja na lile la kwamba mkewe ndiye aliyekuwa amesema kweli kuhusu jasho la chumvi.

"Baba Swabrah," Hamidah akasema, "hayo umeniambia mimi. Kesho mwambie mwenyewe."

Asubuhi Magidu akavuka daraja, pakiti kwenye mfuko wa kanzu. Ilikuwa siku ya soko na kibanda cha Philippe kilikuwa na watu, akiwemo mmoja wa wale watatu waliosikia maneno ya mlangoni. Magidu angeweza kungoja watu wapungue. Hakungoja, kwa sababu alimvunjia mwenzake heshima mbele ya watu. Akasalimia, akasimama katikati, akasema kwamba kosa halikuwa la Philippe. Alieleza habari za chumvi, alieleza habari za magunia, akasema fundi wa Kasese ameisifu kazi ya Philippe, na kwamba yeye Magidu alisema asichokijua, na anaomba radhi. Philippe aliendelea kufuta kioo cha televisheni kwa kitambaa.

"Nimesikia," akasema.

Magidu akatoa pakiti na kuiweka kwenye meza. Philippe akaitazama, akaacha kitambaa. Fundi ni fundi, hata akiwa amenuna. Akaichukua, akasoma kibandiko, akaigeuza upande wa pili.

"Hii iko na vitesi mingi, mbio sana," akasema. "Itaomba mutu aipange, namba moja moja. Ni kazi ya siku mingi."

"Najua."

"Kwa kazi yako ya sauti, ya kawaida ingetosha, yaya, kaka yangu. Unaweka, unawasha, inatembea. Ule fundi wa Kasese hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Alikuonyesha za kawaida?"

"Nilizishika mukononi."

Philippe akaiweka pakiti chini taratibu, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Sasa juu ya nini ulibeba hii?"

Magidu akaangalia chini, kisha akainua macho.

"Ile ya kawaida haikuomba wewe," akasema.

Philippe akaitia pakiti kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo chake, akachukua bisibisi zake ukutani, akamwita mkewe aje akae kibandani, maana yeye anavuka.