Hedifoni za Mgongo Wazi

Mtaa mzima ulimwita Bwana Kimya, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kurekodi matangazo ya redio na kusafisha rekodi za watu wengine, akiondoa vikohozi, pumzi na milio ya viti. Yote hayo aliyafanyia nyumbani, katika chumba alichokipigilia magodoro ukutani. Akianza kurekodi, alitundika kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango. "Kitambaa kikiwepo," aliwaambia wa nyumbani, "hata nyumba ikiungua, msinisemeshe." Dada yake alimtania kwamba siku moja itaungua kweli, na wao watakaa nje wakimsubiri amalize. Mama yao alicheka, lakini alitii. Kikiwa kimetundikwa, hata sufuria aliitua taratibu kama anamlaza mtoto.

Basi siku moja, dada akiwa ametoka, mama akateleza koridoni, karibu kabisa na mlango wa mwanawe. Akabaki pale chini, nyonga imeumia, mpaka Bwana Kimya alipotoka kutafuta maji ya kunywa. Jamani! Mama mzazi yuko sakafuni, na yeye yuko ndani anasafisha hotuba ya mtu asiyemjua.

"Mama, uliniita?"

"Si kitu, baba. Ninyanyue tu."

Jibu hakulipata, akajipa mwenyewe: ameita, ameita mpaka amechoka, na mimi nimeziba masikio. Lawama zote akazitwika hedifoni zake nzito, zile za kufunika sikio lote. Tangu siku hiyo alifanya kazi sikio moja ndani, moja nje, na kazi ikaharibika. Kuiacha hawezi, kumwacha mama peke yake hawezi. Alikonda.

Ndipo kampuni moja ya mbali ikatangaza hedifoni mpya za mgongo wazi. Upande wa nje hazina ganda, zina wavu tu. Sauti ya ndani inatoka, ya nje inaingia. Waliozijaribu mapema walisema muziki unasikika kana kwamba wewe umeketi barazani na wapigaji wapo uani. Wenzake wa kazi walibishana juu ya besi mpaka povu likawatoka. Yeye aliyasoma yote, akayarudia, na besi wala haikumshughulisha. Alikuwa akifumba macho na kuzisikia kabla hazijafika: kinanda mbele, na nyuma yake, mbali kidogo, sauti ya mama ikimwita.

"Mwenzetu anasubiri hedifoni kama anasubiri mchumba," dada yake alisema. Bwana Kimya hakucheka.

"Zikija," alimwambia mama, "nitavaa, niweke muziki, na wewe utaniita ukiwa hapo kwenye kiti chako. Tuone."

"Haya, baba."

"Hata kwa sauti ndogo."

"Nimekusikia. Kiziwi ni wewe, si mimi."

Zilifika asubuhi, akiwa katikati ya kurekodi tangazo la sabuni. Akalipokea boksi getini, akarudi chumbani, mlango akauacha wazi nyuma yake. Mama alikuwa koridoni, kitini pake.

Akavaa. Lo! Kinanda kilimjia kutoka mbele, kimetulia, kina nafasi. Na kando ya kinanda akasikia bomba la jikoni likidondoka, fagio la jirani, hata kiti cha mama kikilia alipojigeuza. Vitu alivyovikata maisha yake yote, leo alivipokea kimoja kimoja kwa shukrani. Akangoja aitwe. Wimbo ukaisha. Akaweka mwingine. Mama hakuita.

Akaingiwa na hofu. Akazivua, akatoka mbio.

Mama alikuwa amekaa wima, midomo ameibana, mzima kabisa.

"Mama, mbona huniiti?"

Akanyoosha kidole kwenye kitasa. Kitambaa chekundu kilikuwa bado kinaning'inia. Mwanawe alipokichomoa ndipo mama akasema, "Nilijua bado unarekodi."

Bwana Kimya alisimama nacho mkononi.

"Na siku ile uliyoanguka?"

Mama akatazama pembeni. "Kilikuwepo, baba. Nilikuwa nakiona pale chini nilipolala. Nikasema nisije nikakuharibia kazi."

"Hukuita kabisa?"

"Niliuma mtandio."

Na siku ile Bwana Kimya alikuwa ameshamaliza kurekodi tangu asubuhi. Alisahau tu kukiondoa.

Akaketi sakafuni, palepale alipomkuta siku ile, akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Uchungu ulimzidi, na hakuwa na hedifoni za kuzitwika tena.

"Nyamaza baba, majirani watasikia," mama alisema, akimshika kichwa.

"Waache wasikie. Niite, mama."

Mama akamwita. Alimwita kwa kunong'ona, akikitazama kitasa.