Kaseti ya Kwaya ya Kidato cha Tatu

Wiki tuliyomzika mwalimu wetu wa muziki, mjane wake aliniita chumbani pale kwao Kisauni akanipa kaseti. "Hii ni yenu," akasema. "Mimi sina pa kuichezea." Ilikuwa kwaya yetu ya sekondari, iliyorekodiwa darasani tukiwa kidato cha tatu.

Mimi ndiye ninayeshughulika na vyombo vya sauti kanisani kwetu Mishomoroni, kwa hiyo nilijua kazi iliyokuwa ikiningoja. Utepe ulikuwa umeota kuvu na kugandana. Niliufungua, nikaupangusa kwa pamba na spiriti, nikauhamishia ndani ya kaseti nyingine. Ulikatika mara mbili, nikauunga. Hatimaye ulipocheza, tulisikika tukiimba mbio kama vifaranga, maana betri za redio ya mwalimu zilikuwa zimelegea siku ile, ikarekodi polepole. Nikauingiza kwenye kompyuta, nikapunguza mwendo hadi sauti ya mwalimu akituhesabia ikawa yake kweli.

Kisha kiitikio kikatulia, msichana akaanza ubeti peke yake. Nilisimama. Sauti ile naijua, naisikia kila Jumapili: ni ya binti anayetuongozea sifa kanisani, ambaye wakati ule alikuwa hata hajazaliwa. Nilidhani kuna mtu amerekodi juu ya kaseti yetu. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena.

Hapo ndipo nilipokumbuka ni nani aliyekuwa akiimba ubeti ule. Ni mama yake. Tulisoma pamoja. Baadaye alipasuliwa goita shingoni, mwanawe akiwa bado ananyonya, na tangu hapo husema kwa mnong'ono tu. Miaka yote hiyo tunasali pamoja, nami nilikuwa nimeuzoea mnong'ono ule hadi nikasahau kwamba aliwahi kuwa na sauti.

Jumamosi alasiri niliwaalika wote wawili nyumbani. Nilidhani nawapa zawadi. Sikuwaeleza kitu, nikawasha spika.

Binti alisikiliza ubeti wote akiwa ameshika kikombe cha chai. Ulipoisha, akanitazama.

"Mjomba, mimi huu wimbo siujui. Umenirekodi wapi?"

"Si wewe," nikamjibu. "Huyo ni mama yako."

Akaweka kikombe chini, akamgeukia mama yake. Mama alikuwa ameinama, kiganja kimefunika kovu la shingoni.

"Mama, ulikuwa unaimba?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Nimeimba mbele yako tangu utotoni. Watu wananiuliza sauti hii nimeitoa wapi, nawe umekaa hapo hapo. Mbona hukuniambia?"

Mnong'ono wake ulikuwa mdogo hata nikazima feni ili tumsikie.

"Ningekwambia, ungeniomba niimbe."

Binti hakulia. Aliinuka akatoka, akasimama uani karibu na tangi la maji, akitugeuzia mgongo. Mimi nilibaki na mwenzangu wa shule, sijui hata niweke wapi macho. Nilimwomba radhi. Akatikisa kichwa, akanionyesha kompyuta kwa kidole. "Rudisha," akanong'ona.

Nikaurudisha wimbo. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikifuatisha maneno, na hakuna kilichotoka ila pumzi. Katikati ya ubeti binti akaingia, akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mamake.

Niliwatilia wimbo ule kwenye simu zao wakaenda zao. Nilikaa muda mrefu nimeduwaa, nikishangaa kwamba tulikuwa tukimwona kila wiki, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kuhusu sauti yake.

Juzi binti alinitumia ujumbe. Mama yake ameanza kumfundisha ubeti wa pili, anampigia mapigo mezani kwa vidole.