Sukari Iliyoliwa Njiani

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye kituo cha afya kule Lamadi, na kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha mkojo. Nasema hivyo hivyo kwa sababu wajukuu wanadhani maabara ni hadubini na makoti meupe tu. Nilikuwa na darasa la saba na mafunzo mafupi ya uhudumu. Msimamizi wa maabara alinisimamisha mbele ya jiko la spiriti, akanipa testi tyubu, kile kichupa chembamba cha kioo, ndani yake dawa ya bluu. Unadondosha mkojo matone machache, unachemsha, unasubiri rangi. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikifika wekundu wa tofali, mgonjwa aitwe haraka.

"Hii ni rangi gani?" Msimamizi aliniuliza.

"Kijani, mzee. Au njano."

"Chagua moja, mama Holo. Daktari hana dawa ya 'au'."

Nilichagua kijani. Lakini moyoni nimebaki mtu wa "au" mpaka leo, na hata haya ninayoandika, huenda mengine hayakwenda kwa mpangilio huu. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Baadaye nilihamishiwa hospitali ya Bariadi mjini, nikapanga chumba Somanda. Huko tulikuwa tunapima damu yenyewe. Damu inawekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, chembe zinashuka chini, juu yanabaki maji ya rangi ya samli. Hayo maji ndiyo yanapimwa sukari. Kazi yangu ilikuwa kupokea damu, kuzungusha na kuosha vyombo. Kupima na kusaini majibu ilikuwa kazi ya Mkuu wa Maabara.

Mkuu alikuwa mtu mfupi, mpole, koti lake halikosi pasi hata umeme ukikatika. Alikuwa na tabia moja. Ukimpelekea damu, hakuuliza kwanza ni ya nani wala anaumwa nini. Aliuliza, "Imetoka mkononi saa ngapi?" Wengine tulimcheka kidogo pembeni. Mimi pia nilicheka.

Siku moja, jua linaelekea kuzama, akaja kijana wa bodaboda anaitwa Sitta. Alikuwa ametumwa na zahanati ya Migato, ambako vile vibanzi vya mashine ya kupima sukari kidoleni vilikuwa vimekwisha. Damu ilikuwa ya mama mjamzito, Kabula. Karatasi ya mganga ilieleza kwamba ana kiu isiyokwisha, na mimba zake mbili za nyuma zilizaa watoto wakubwa kupita kiasi, wote wawili wakafa wakati wa kuzaliwa. Mganga alitaka kujua jambo moja tu: ni sukari, au siyo?

Nikazungusha. Mkuu akapima. Ikaja nne na kitu. Hiyo ni ya kawaida kabisa, hata kwa mjamzito ambaye hajala.

Daktari wa zamu alikuwa amesimama mlangoni. "Afadhali," akasema. "Nipigie Migato, waendelee naye huko huko."

Mkuu hakushika kalamu. Akamgeukia Sitta. "Ngosha," akamwita kwa Kisukuma, yaani mwanamume, "damu hii imetoka mkononi saa ngapi?"

"Asubuhi, Mkuu. Kabla jua halijawa kali."

"Na sasa linazama. Kwani Migato imehamia Mwanza?"

Sitta akavua kofia. "Kulikuwa na msiba njiani. Nimeshika jembe mpaka tumezika. Nisingeweza kupita, Mkuu. Wananijua."

"Na damu ilikuwa wapi?"

"Kwenye mfuko, kwenye usukani."

Asiye wa huku anaweza kumlaumu. Mimi simlaumu. Kwetu kijana akipita kwenye msiba bila kushuka, wazee wanamtoza faini, na hata mama yake anasemwa kisimani. Mkuu naye hakumgombeza. Alimwambia, "Pole. Umefanya vizuri kuchimba." Halafu akasema, "Lakini majibu haya siyaandiki."

"Mkuu, mashine imesema nne," Daktari akasema. "Mashine haidanganyi."

"Haijadanganya. Imepima kilichobaki. Chembe za damu ziko hai, daktari. Zimekaa juani siku nzima na sukari mbele yake, zimekula. Hatujui zilianza na ngapi."

"Nyumbani kwake ni mbali. Nikimwita na ikawa nne tena?"

"Atanilaumu mimi. Nikiandika nne na si nne, nani atamlaumu nani makaburini?"

Daktari alikuwa na hoja. Barabara ilikuwa mbaya, na yule mama alikuwa mzito. Ningekuwa mimi ndiye wa kusaini, sina hakika ningekataa. Na kwa haki niseme, ni Daktari huyo huyo aliyetoa simu yake mfukoni akapiga Migato, akabembeleza.

Kesho yake wakaja mshikaki kwenye pikipiki moja: Sitta mbele, Kabula katikati, mume wake Masunga nyuma.

"Mayu, mama, umekunywa hata uji?" Mkuu alimwuliza.

"Hata maji nimeyaogopa, baba. Mimi nimeshazika wawili. Kama ni sukari, usinifiche."

Mkuu akamtoa damu mwenyewe, nikazungusha ikiwa bado ya moto. Ikaja tisa na kitu: sukari imezidi.

Mkuu akamwambia Kabula majibu. Kabula akamwangalia mumewe. "Umesikia? Kumbe si mkono wa mtu. Na mama yako tumemsema mchawi miaka yote hii."

Masunga akainamisha kichwa. Kabula akaanzishiwa sindano za kushusha sukari, akalazwa, akafanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa wa kike, mkubwa, na alilia.

Mkuu alihakikisha zahanati zinapewa tyubu zenye kifuniko cha kijivu, ambazo ndani zina dawa ya kuzuia chembe zisile sukari, pamoja na boksi la barafu. Kisha akamwambia Sitta, "Ukiwa na damu, msiba uusalimie kwa mkono. Ukirudi, ushuke."

"Watanielewa, Mkuu?"

"Sijui," Mkuu akasema. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayejua kiasi kile, na bado anasema sijui.

Sasa nimestaafu. Mara nyingi najiuliza kama nilifanya chochote cha maana zaidi ya kuosha vyombo. Mwezi uliopita alifariki mama mkwe wa Kabula, nikaenda Migato kuzika. Nilikaa kwenye mkeka wa wanawake, mtoto wa Kabula amelala mapajani mwangu. Bodaboda ikapita barabarani, boksi nyuma. Dereva akainua mkono, hakusimama.

"Nani huyo anapita msiba kama anapita zizi tupu?" mzee mmoja akafoka.

Kabula, mfiwa mwenyewe, akasimama. "Mwacheni apite. Kabeba damu ya mtu."

Jioni Sitta alirudi, boksi tupu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, ila upande wa miguuni palikuwa hapajasawazishwa vizuri, na jembe moja limeegeshwa pale. Masunga alikuwa amekataza lisiondolewe. Sitta akaegesha pikipiki, akavua kofia, akalishika.