Mrija nilioukataa Kimisagara: pombe na dawa ya kolesteroli

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nimesoma humu nyuzi kadhaa kuhusu pombe na dawa za kushusha kolesteroli. Karibu kila mchangiaji anaanza na "nilisikia". Mimi nitaandika kilichonipata mwenyewe, na nisichokikumbuka nitasema sikikumbuki.

Mwaka 1992 nilikuwa mkalimani katika ofisi moja ya Kacyiru, Kigali. Tukitoka kazini tulishuka kwa miguu tukisalimiana na nusu ya mji, kisha bia mbili, kila jioni. Naukumbuka mwanga wa saa ile kuliko hata ladha ya bia.

Ndipo daktari akaniandikia vidonge vya kolesteroli. Baada ya wiki chache alipima damu, akakunja uso.

"Ini lako linalalamika. Usiguse pombe mpaka tupime tena. Na dawa usiache."

Nikatii.

Jumamosi iliyofuata rafiki yangu wa ofisini, Faustin, alikwenda mtaa wa Kimisagara kumposa Claudine, binti wa fundi seremala, mzee Anastase. Nami nilikuwa katika ujumbe wake.

Wasioijua desturi ile: urwagwa, yaani pombe ya ndizi, huletwa katika chungu kimoja chenye mrija. Mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone kwamba ni salama. Ukikataa baada ya hapo, umemwambia mbele ya watu kwamba humwamini.

Mzee akaonja, akanielekezea mrija.

Faustin alininong'oneza, "Kaka, gusa tu. Kunywa maziwa baadaye, yanaua pombe."

"Nani amekuambia?"

"Watu."

Nikaurudisha mrija kwa mikono miwili. Shangazi wa Claudine akaweka sahani yake chini.

"Wewe Mtanzania," mzee akasema, "pombe yangu iko na sumu?"

Faustin alikuwa akitokwa jasho. Uchumba wake wote ulikuwa mkononi mwangu.

Nikatoa vidonge mfukoni, nikaeleza habari ya ini na agizo la daktari. Mzee aliigeuza pakiti ile mara mbili, kisha akaita, "Mama Claudine, leta kile kikopo yangu."

Kikaja kikopo chenye vumbi. Dawa ilikuwa ile ile, na kikopo bado kilikuwa kimejaa karibu chote!

"Walisema hii na pombe vikikutana tumboni, mtu anakufa," akasema. "Basi niliacha dawa."

"Ulichagua vizuri!" mtu akapiga kelele nyuma, na sebule nzima ikacheka. Mke wa mzee hakucheka. "Na kifua inakuuma kila ukipanda kilima," alisema.

Nikamwambia, "Mzee, mimi si daktari. Jumatatu twende wote kwa aliyeniandikia mimi."

Mzee akauchukua mrija, akampa Faustin. "Kunywa ya kwako na ya huyu. Asiyenidanganya hajanitukana."

Jumatatu tulikwenda. Daktari alimpima, akamrudisha kwenye dawa, akamruhusu glasi moja siku za sherehe. Mimi, hata tone! Nilikasirika kidogo, nakiri. Lakini damu yake haikuwa damu yangu.

Tangu hapo Jumapili nyingi nilikuwa karakanani kwake, katika harufu ya mbao mbichi, tukinywa chai na kubishana. Mwishoni mwa 1993 nikarudi nyumbani.

Yaliyofuata mnayajua, sitayaandika. Faustin na Claudine niliwapata baada ya miaka mingi. Mzee sikumpata.

Nilimuuliza Claudine kuhusu kikopo. Akasema siku walipokimbia alikiona dirishani.

Kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amevimeza vidonge vyote, siku baada ya siku.

Funzo langu ni fupi: msiache dawa ili mnywe, wala msinywe kwa ruhusa ya jirani. Kapimeni ini, mwulizeni anayewatibu.

Mwenye yaliyompata mwenyewe, karibu aandike. Mwenye "nilisikia", tafadhali asome tu.