Mgombea Aliyekataa Tonge

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, ule ukungu wa Ufipa unaoshuka mchana kweupe, ukasikia ng'ombe wa jirani na usimwone. Hata leo nikifumba macho watu wa siku ile wananijia nusunusu: mkono, kofia, sauti.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa. Mvua ilitutupa, ulezi ulibaki wa kukung'uta kwenye pembe za ghala. Akaja mgombea ubunge. Akapanda juu ya kichuguu, akasema kwa sauti tamu, kama mtu anayebembeleza mtoto alale: "Ndugu wananchi, nchi haiwezi kula isichovuna! Tufunge mikanda wote, na mimi wa kwanza!" Tukapiga makofi. Nami nilipiga, maana aliyosema yalikuwa kweli.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo mgeni akaletwa kwetu. Mama akasonga ugali kwa unga wote uliokuwepo. Sasa ujue, kwetu mgeni akiandaliwa, hakuna anayemega kabla yake. Tukakaa tukingoja. Mdogo wangu Sabina, aliyekuwa ametoka kuugua surua, alilaza kichwa mapajani mwangu, macho kwenye mvuke wa ugali.

Mgombea akanawa, kisha akarudisha mikono. "Hapana, balozi. Nimeahidi mbele ya wananchi. Leo sili."

Baba akamsihi. Yeye akatabasamu tu, akaanza kueleza matumizi ya taifa. Alieleza vizuri mno, kama anasimulia hadithi. Mvuke ukapungua, ukaisha. Sabina akaanza kulia bila sauti.

Bibi, mama yake baba, alikuwa kajikunja pembeni na blanketi lake, tulidhani kasinzia.

"We kijana," akasema, "hiyo njaa unayojivunia, mbona umewabebesha watoto?"

"Shikamoo, bibi. Mimi sijamkataza mtu kula."

"Marahaba. Basi mega, au toka nje niwamegee wanangu. Hotuba utaimalizia huko huko."

Baba aliinamisha uso kwa aibu. Mgombea akamtazama Sabina. Nadhani ndiyo kwanza anamwona. Akamega tonge dogo, akala, akatusogezea sinia lote.

Siku ya kura, bibi alimchagua yeye. Nilipomuuliza sababu, akajibu, "Huyu akiambiwa, anasikia."

Basi mwanangu, wakija kukwambia tujinyime, usizibe masikio. Nchi inahitaji watu wa kujinyima, na sisi tulijinyima tukaona zahanati ikisimama. Ila kabla ya kupiga makofi, tazama nani atakayelala njaa kwa ajili ya sifa ya msemaji. Na siku msemaji ukiwa wewe, tazama mara mbili. Ukitaka kujinyima, jinyime chako, tena kimyakimya.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, akukuze mpaka uote mvi ambazo hutazionea haya.